Kwa nini mama anaitwa mapema na ndugu wanabaki kwenye foleni (Sehemu ya 3)



Tangu nilipoandika sehemu mbili zilizopita kuhusu wauguzi wanaokwenda kufanya kazi Marekani, swali linalonijia kwenye meseji ni lilelile, linabadilisha nguo tu. Mama mmoja ana binti aliyepata uraia kule. Faili la mama limekwenda vizuri, lakini kaka wa huyo binti ameambiwa asubiri miaka kumi na kitu. Mwingine amemlea mtoto wa marehemu mdogo wake tangu ana miezi minane, akamsomesha mpaka chuo, leo kijana ni raia wa Marekani na anaambiwa huyu siyo mama yako. Wa tatu ameitwa yeye na mumewe, halafu wakaambiwa kitinda mimba wao wa miaka kumi abaki. Na wote wananiuliza: aliyetunga hii sheria hana mama?

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, siyo mwanasheria, kwa hiyo sitawaambia mjaze fomu gani. Ila hiyo sheria ina historia yake, na ukiijua utaona kwamba walioitunga hawakuwa wanaiwaza familia yako hata kidogo. Walikuwa na hesabu zao nyingine. Injika uji, tusome polepole.

Tuanze 1924. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya mgawo. Kila nchi ilipewa nafasi kulingana na watu waliozaliwa huko waliokuwa tayari wanaishi Marekani: asilimia 2 ya hao waliohesabiwa katika sensa ya 1890. Hebu jiulize, sensa ya 1920 ilikuwepo mezani, kwa nini warudi nyuma miaka 30? Kwa sababu mwaka 1890 Waitalia, Wagiriki na Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa bado hawajafika kwa wingi. Ukihesabu kwa sensa hiyo, nafasi nyingi zinawaangukia Waingereza, Waairishi na Wajerumani. Waasia wengi walifungiwa mlango kabisa. Tanganyika yetu, wakati huo iko chini ya udhamini wa Mwingereza (ndiyo, na sisi tuliwahi kuwa na mdhamini, tena bila kumwomba), iliandikiwa nafasi 100 kwa mwaka. Ruanda-Urundi nayo 100.

Sheria ya 1952 ikaipanga familia kwa ngazi. Rais Truman aliikataa, Bunge likaipitisha hivyohivyo. Ndani ya mgawo wa kila nchi, nusu ya nafasi ilikuwa ya wataalamu, asilimia 30 ya wazazi wa raia, asilimia 20 ya wake, waume na watoto wa wenye grini kadi. Kaka na dada? Hao waliokota makombo, kama yamebaki. Na kwa Mwitalia hayakubaki. Italia ilikuwa na nafasi chini ya 6,000 kwa mwaka, wakati Uingereza ilikuwa na zaidi ya 65,000 na haizimalizi. Kwa hiyo fundi viatu wa New York aliyezaliwa Italia aliweza kuwa raia, akalipa kodi, akapeleka mtoto wake jeshini, na bado mdogo wake akawa kijijini anasubiri barua. Hawa ndugu wa Waitalia na Wagiriki waliokwama ndio walioanza kupiga kelele mpaka sheria ikaguswa tena.

Sasa hapa tukae kidogo, maana ndipo penyewe.

Mwaka 1965 mbunge Emanuel Celler wa Brooklyn na seneta Philip Hart wa Michigan walileta muswada wa kufuta ule mgawo wa mataifa. Celler alikuwa bungeni tangu 1923 na aliipinga sheria ya 1924 akiwa kijana mgeni kabisa mle ndani, fikiria subira hiyo. Muswada wao wa mwanzo ulisema nusu ya nafasi ziende kwa watu wenye ujuzi unaohitajika. Lakini ulipita mikononi mwa Michael Feighan, mbunge wa Cleveland, Ohio, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya uhamiaji. Feighan alipindua mpangilio. Ujuzi ukashushwa chini, familia ikapandishwa juu: asilimia 74 ya nafasi za ile foleni zikawa za familia, na kundi kubwa kuliko yote likawa la kaka na dada wa raia, asilimia 24.

Ukisikia hivyo unasema, jamani, huyu baba aliijua familia! Ngoja kwanza. Yeye na waliomuunga mkono walipiga hesabu rahisi. Nani ana kaka au dada wa kumwita? Ni yule ambaye ndugu yake yuko Marekani tayari. Na walioko Marekani tayari ni akina nani? Wengi ni watu wa asili ya Ulaya. Basi ukiwapa ndugu nafasi kubwa, mgawo umefutwa kwenye karatasi na sura ya nchi inabaki ileile. Rais Johnson aliisaini tarehe 3 Oktoba 1965 pale kwenye Sanamu ya Uhuru, New York, akawahakikishia wananchi kwamba hii siyo sheria ya kimapinduzi.

Wazazi walipata kitu kikubwa zaidi siku hiyo. Waliondolewa kwenye foleni kabisa. Mzazi wa raia aliwekwa kundi moja na mume, mke na mtoto mdogo wa raia: hawa hawana idadi ya mwisho kwa mwaka, faili likikamilika anaingia. Sharti ni kwamba mtoto anayemwita awe raia na awe ametimiza miaka 21. Mwenye grini kadi hawezi kumwita mama yake, hata kama amekaa kule miaka mingi. Ndiyo maana mkiambiwa "subiri nipate uraia kwanza", mtoto hawakwepi.

Ile hesabu ya Feighan ilikwenda vizuri miaka michache tu. Waitalia, Wagiriki na Wareno waliwaita ndugu zao waliokuwa wamekwama. Kisha Ulaya ikawa na kazi na pesa, watu wakakaa kwao. Walioitumia sheria kwa akili walikuwa Waasia, na hapa nafurahi kidogo, maana miongoni mwao walikuwemo wauguzi.

Ufilipino ilitawaliwa na Marekani, na shule zake za uuguzi zilijengwa kwa mtindo wa Kimarekani, kwa Kiingereza. Kuanzia 1948 kulikuwa na mpango wa kuwaleta wafanyakazi vijana kwa muda, na wauguzi wengi wa Kifilipino walipita humo. Baada ya 1965 muuguzi aliweza kuingia moja kwa moja kwa ujuzi wake na kubaki. Akikaa miaka mitano anaomba uraia. Akipata uraia, mama na baba wanakuja. Kisha anaandika majina ya ndugu zake, mmoja mmoja. Kila ndugu anakuja na mke au mume na watoto. Yule wifi naye siku moja anakuwa raia, naye ana mama yake. Mnaona inavyokwenda? Mtu mmoja mwenye sindano na kofia nyeupe, baada ya miaka 25 meza ya sikukuu haitoshi. Wahindi, Wakorea na Wachina walifanya vilevile. Sheria iliyotengenezwa isibadilishe sura ya nchi ikaibadilisha kuliko zote.

Na Waafrika? Sisi hatukuwa na ndugu wa kutuita. Lakini tuseme ukweli wote: Marekani ilikuwa na mamilioni ya watu wa asili ya Afrika siku ile ya 1965. Ndugu zetu kabisa. Ila meli za watumwa hazikutoa vyeti. Hakuna aliyeweza kupeleka karatasi inayosema babu wa babu yangu na babu wa babu yako walinyonya ziwa moja. Kwa hiyo sheria iliyosifiwa kuwa ya familia iliwapita watu ambao familia zao zilivunjwa na nchi hiyohiyo. Mimi hilo huwa linanikaa rohoni.

Waafrika walianza kuongezeka kwa milango mingine: masomo, sheria ya wakimbizi ya 1980, na ile bahati nasibu ya viza iliyotungwa 1990 na kuanza kutumika 1995. Tena bahati nasibu yenyewe haikutungwa kwa ajili yetu. Waliyoisukuma zaidi ni Waairishi, ambao nao walikuwa hawana tena ndugu wa karibu kule wa kuwaita. Sisi tukaikuta wazi tukaingia.

Sheria hiyo ya 1990 ndiyo iliyoweka ile namba inayowatesa: nafasi 65,000 kwa mwaka kwa kaka na dada wa raia, dunia nzima, na nchi moja isizidi kwa kawaida asilimia 7. Namba hiyo haijapanda mpaka leo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mke na watoto wa huyo ndugu wanahesabiwa humohumo. Kaka yako akienda na mke na watoto watatu, amekula nafasi tano. Kama kila ndugu angekuwa na familia ya watu watano, 65,000 ni ndugu 13,000 tu. Ndiyo maana foleni ina watu zaidi ya milioni 2, na kwa nchi nyingi kusubiri kunazidi miaka 15. Mexico na Ufilipino ni kama 20 au zaidi.

Sasa mama mwenye watoto, sikia hapa. Kaka yako akiandikiwa leo na mtoto wake ana miaka minane, zamu yao ikifika mtoto ni mtu mzima. Akishatimiza 21 si "mtoto" tena, anaachwa. Mwaka 2002 walitunga sheria ya kuwasaidia: muda ambao ombi lilikaa mezani likishughulikiwa unapunguzwa kwenye umri wa mtoto. Lakini miaka ya kukaa kwenye foleni yenyewe haipunguzwi, na hiyo ndiyo mingi. Kuna mama wa El Salvador, Cuellar de Osorio, aliyeombewa na mama yake raia mwaka 1998, mtoto wake wa kiume akiwa na miaka 13. Viza ilipopatikana 2005, kijana alikuwa ametimiza 21 miezi michache tu nyuma. Akaambiwa aanze upya. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2014 mama huyo na wenzake wakashindwa.

Wapo waliotaka hilo kundi la ndugu lifutwe kabisa. Tume iliyoongozwa na Barbara Jordan, mwanamke Mweusi wa Houston niliyempenda tangu nilipomsoma, ilipendekeza hivyo 1995. Hoja yake haikuwa chuki: kumwahidi mtu kitu atakachopata baada ya miaka 20 ni kumdanganya, bora nafasi ziende kwa wake na watoto wadogo wanaosubiri. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada wenye wazo hilohilo. Seneta Mazie Hirono wa Hawaii, ambaye mama yake alimtoa Japani akiwa mtoto kumkimbia mume mkatili, alijaribu kuweka kipengele cha kuwaokoa angalau ndugu wenye shida kubwa, akashindwa kwenye kamati. Muswada wenyewe ukafia kwenye baraza la wawakilishi. Mwaka 2017 likaja pendekezo la kuwaondoa hata wazazi, Rais Trump akiliunga mkono, nalo halikupita. Agosti 2018 wazazi wa mke wake, waliotoka Slovenia, waliapishwa kuwa raia, na mwanasheria wao alieleza kwamba binti yao ndiye aliyewadhamini. Sina la kuongeza hapo.

Mnaniuliza mimi nasimama wapi? Barbara Jordan alikuwa sahihi kuhusu uongo wa foleni. Ila dawa ya foleni ndefu wodini ni kuongeza kitanda, siyo kusema wagonjwa hawapo.

Turudi kwa yule mama aliyemlea mtoto wa mdogo wake. Kwetu yeye ni mama mkubwa, na mama mkubwa ni mama, neno lenyewe limeshasema. Baba mdogo ni baba. Sheria ya Marekani haina maneno hayo. Inamtambua mzazi aliyezaa, mzazi wa kambo kama ndoa ilifungwa kabla mtoto hajafika 18, na mzazi aliyeasili mtoto kisheria, kwa kawaida kabla hajafika 16, akaishi naye angalau miaka miwili. Shangazi, bibi, mama mkubwa aliyelea kwa mikono yake bila karatasi ya mahakama: hakuna. Kwa ndugu, wa baba mmoja mama mbalimbali wanakubalika, ila lazima huyo baba athibitishwe. Kama hakufunga ndoa na mama, mara nyingi wataomba ushahidi kwamba alikuwa baba kweli, kwa matunzo au kuishi pamoja, kabla mtoto hajafika 21.

Jambo hili lililipuka hapa hapa jirani mwaka 2008. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na familia zao. Wakaanza kupima DNA Nairobi, watu kama 500, kisha wakapanua kwenda nchi nyingine za Afrika, pamoja na Uganda na Ethiopia, watu kama 3,000. Familia ambazo uhusiano wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20, na waliokataa kupimwa walihesabiwa humo kama hawajathibitika. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo, ukarudi 2012 ukiwa na DNA kama sharti. Sitaficha, walikuwepo waliouza nafasi na kuandika watu baki. Lakini walikuwepo pia watoto yatima wa vita waliolelewa na mama mdogo tangu wachanga. Mtoto anasema huyu ni mama, kipimo kinasema siyo. Na hakuna anayedanganya kati yao.

Kuna historia nyingine ambayo sisi wa afya hatupaswi kuiacha. Kuanzia 1987 mtu mwenye VVU hakuruhusiwa kuhamia Marekani, isipokuwa kwa msamaha maalumu, na kipimo kilikuwa lazima kwenye uchunguzi wa afya. Katazo hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010. Hesabu hiyo miaka. Katikati yake dawa za ARV zilikuwa zimeshaanza kutolewa bure huku kwetu, mama anameza dawa, ana afya, analima, na bado jibu la damu lilikuwa linamfungia mlango wa kwenda kwa mwanawe. Leo wanachoangalia sana ni kifua kikuu: kikiwa hai unatibiwa kwanza, kisha safari inaendelea.

Na yule kitinda mimba wa miaka kumi? Wazazi walipotolewa kwenye foleni 1965, waliingizwa kwenye kundi ambalo mtu haongozani na mtu. Kaka anayekuja kama ndugu anaruhusiwa kuja na mke na watoto. Mama anayekuja kama mzazi anakuja peke yake. Baba anaombewa kwa faili lake. Kitinda mimba hana faili, labda aingie foleni ya ndugu. Njia ya kawaida ni mama atangulie, apate grini kadi, kisha yeye ndiye amwombee mwanawe, na hapo kuna kusubiri tena. Mtoto analala kwa shangazi wakati mama anajifunza baridi ya Minnesota. Kabla hamjakubali tarehe ya safari ya mama, kaeni kikao cha familia kuhusu huyo mtoto: nani anabaki naye, ada nani analipa, akiumwa nani anasaini.

Mtoto anayewaita naye ana mzigo wake. Tangu sheria ya 1996 anasaini mkataba kwamba kipato chake kinafika angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa idadi ya watu anaowabeba, na mkataba huo unambana mpaka mzazi awe raia, au afanye kazi inayolingana na miaka kumi hivi, au aondoke kabisa, au afariki. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, mzazi mgeni haipati kabla ya miaka mitano. Ukisikia muuguzi wa kule anapiga zamu mbili, mara nyingine ni presha na sukari ya mama ndizo anazozilipia.

Sasa nirudi kazini kwangu. Ile karatasi mnayopewa mkijifungua, tangazo la kizazi, ndiyo inayozaa cheti cha RITA, na cheti hicho ndicho ubalozi utakachoomba siku mtoto wako akiwa na miaka 30 na anataka kukuita. Tangu 2013, ulipoanza mpango wa watoto chini ya miaka mitano kule Mbeya, kupata cheti kumekuwa rahisi kuliko enzi za mama zetu. Cheti kilichotolewa mtu akiwa mkubwa hakikataliwi, ila kinaulizwa maswali: cha ubatizo kiko wapi, cha shule kiko wapi, wakati mwingine DNA. Kwa hiyo nikikuuliza jina lako wodini, nipe lile lililoko kwenye kitambulisho, usinipe "Mama Junia". Majina ya watoto wako wote yawe na mama mmoja aliyeandikwa kwa herufi zilezile. Nimeona vyeti vya ndugu watatu wa tumbo moja, mama ni Mwanahamisi, Mwanahamis na Hamisa. Baba akiwepo, aandikwe. Na kama unalea mtoto wa marehemu, nenda ustawi wa jamii angali mdogo uulizie habari za kuasili, usisubiri apate viza.

Sehemu ya 4 nitaandika juu ya wazee wenyewe wakishafika: upweke, dawa za presha zilizobadilishwa majina, na kulea wajukuu wasiojua Kiswahili. Mwenye mama aliyeko kule na anayekubali nimuulize maswali machache, aniandikie.